Shule zinafunguliwa Jumatatu na mwanangu ameanza tena "tumbo linauma". Wenzangu mnawaandaaje watoto?

#1 MamaTunu (Jumatano, saa 3:12 usiku)
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja. Nina mtoto wa kiume, miaka 9, anaingia darasa la nne. Likizo yote ya Desemba alikuwa mzima, anapanda miembe, anakula ugali wa mtu mzima. Jana baba yake kashusha begi la shule juu ya kabati alipanguse vumbi. Hakusema neno, kapangusa tu. Usiku ule ule mtoto kajikunja kwenye kochi, kakumbatia mto, tumbo.
Aprili ilikuwa hivi hivi. Juni hivi hivi. Homa hana, haharishi, hatapiki. Nikimwambia "basi Jumatatu huendi", nusu saa haipiti anaulizia chapati. Baba yake anasema ni usanii mtupu. Mimi namuona anavyotoka jasho puani, sidhani kama mtoto anaweza kuigiza jasho.
Dada yake Tunu yuko sekondari, hajawahi kunisumbua hata siku moja. Nyie wenzangu mnawaandaaje watoto wiki hii ya mwisho?

#2 Kaptura Fupi
Dawa ipo nje hapo, inaitwa mpera. Kata fimbo moja, iweke juu ya friji aione. Tumbo linapona bila panadol. Sisi tumesoma hivyo na tumefika.

#3 Bi Mkubwa Tandika
Mkuu #2 umefika wapi, mbona saa hizi uko humu unabishana na akina mama?
MamaTunu nimeweka kambi hapa. Wa kwangu siyo tumbo, ni kichwa. Kila Jumapili baada ya magharibi.

#4 Mwalimu Chaki
Nafundisha msingi mwaka wa 17 huu. Mleta mada, umesema anaingia la nne. La nne kuna upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka. Nikuulize: likizo hii ni watu wangapi wamemwambia "mwaka huu la nne, siyo mchezo"? Mjomba kaja Krismasi kasema, jirani kasema, na wewe mwenyewe ukimwona na simu unasema. Mtoto anasikia neno hilo mara 40 ndani ya mwezi mmoja, na hakuna aliyemweleza huo upimaji ni kitu gani. Kwake ni kama zimwi linamsubiri getini.
Jambo lingine ambalo wazazi hamlioni ni mkono. Wiki ya kwanza ya Januari napita kati ya madawati, kila baada ya mistari mitano mtoto anaweka kalamu chini, anakunja na kukunjua vidole. Mwezi mzima hajaandika, amebonyeza tu. Anachelewa kunakili, wenzake wanamaliza, ubao unafutwa. Siku ya tatu kashaanza kuchukia. Mpe aandike orodha ya sokoni kila siku, mistari 6 tu. Msiite masomo.

#5 Suka wa Njano
Naendesha basi la shule, njia ya Kongowe hadi Masaki. Ngoja niseme la kwetu sisi madereva. Mtoto anayepanda wa kwanza ndiye anayeteseka kuliko wote, maana anazunguka na mimi kila kona nikikusanya wenzake. Nina mmoja nampakia saa 10:40 alfajiri, shuleni tunaingia saa 1 na dakika. Mama yake anamnywesha chai ya maziwa na mkate wenye siagi pale pale mlangoni, kikombe anakipokea huku mtoto kashaweka mguu kwenye ngazi. Tukifika Mtoni Kijichi anatapika. Kila siku pale pale, hata konda kashazoea, ananyoosha mkono na mfuko bila kugeuka.
Likizo hatapiki, kwa sababu likizo hapandi basi. Hapo mtasema anaogopa shule?
Dada MamaTunu, mwanao anapanda basi saa ngapi, na anakaa siti gani?

#6 MamaTunu
@Suka wa Njano saa 10:50. Siti ya nyuma kabisa na rafiki zake. Na chai ya maziwa anakunywa, usinicheke.
@Mwalimu Chaki umenishika pabaya. Mimi mwenyewe nimemwambia la nne siyo mchezo, jana tu.

#7 Hesabu Kali
Tupige hesabu kidogo. Chama cha madaktari wa matatizo ya kulala Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016: mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku. Basi likija 10:50, mtoto anaamka 10:20. Rudisha nyuma saa 9, ambazo ni za chini kabisa, unapata saa 1:20 usiku awe KASHALALA. Siyo ameenda kuoga, kashalala.
Sasa niambieni nyumba gani Dar mtoto analala saa 1:20. Na likizo alikuwa analala saa 5 baada ya tamthilia. Unataka ndani ya siku nne mwili urudi nyuma saa nne. Mwili siyo saa ya ukutani, huuzungushi kwa kidole. Anzeni wiki mbili kabla, dakika 15 au 20 kila siku, na muanze na kuamka. Ukimwamsha mapema leo, usiku atalala mwenyewe.

#8 Kaptura Fupi
Kwa hiyo mtoto alale kabla ya taarifa ya habari ya saa 2? Baba mtu anatoka kazini saa 3. Watakutana lini hao, kwenye mahafali?

#9 Hesabu Kali
Hilo ndilo swali lenyewe mkuu, bahati mbaya umeliuliza kwa utani.

#10 Mkazi wa Köln
Salaam toka Ujerumani. Huku likizo ndefu ni ya kiangazi, wiki 6, na kila jimbo kati ya yale 16 lina tarehe zake ili barabara zisijae siku moja. Shida yetu ni jua. Julai saa 3 usiku bado kweupe, watoto wako nje na baiskeli, unamwambia akalale anakuonyesha dirisha. Nyie giza linaingia saa 1 mwaka mzima, mna bahati na hamjui.
Nilichojifunza huku ni kwamba wiki ya mwisho ya likizo wazazi wa wanaoanza la kwanza wanaifanyia mazoezi njia ya kwenda shule. Wanatembea na mtoto mara tatu nne: hapa unasimama, hapa unaangalia kushoto, hapa ndipo duka la mikate ukipotea uingie. Siku ya kwanza mtoto anaijua njia. Na anapewa Schultüte, pakacha la karatasi refu karibu sawa na yeye, limejaa peremende na penseli za rangi. Binti yangu alilala nalo kitandani.

#11 Bi Mkubwa Tandika
Pakacha la peremende! Sisi tunapewa orodha ya rimu mbili, fagio la chelewa na jembe.

#12 Kaptura Fupi
Jembe lina mpini lakini? Wa kwangu alirudishwa kwa sababu jembe halina mpini.

#13 Karanga za Nakuru
Hamjambo majirani. Huku kwetu tunasema karo, nyie mnasema ada, ila machozi ya Januari ni yale yale. Kuhusu saa za alfajiri: Kenya kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa ni saa 2 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Imeandikwa. Sasa njooni muone basi za manjano zikipita kwangu saa 11. Na masomo ya likizo yamekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, lakini kila Desemba napata ujumbe kwenye kundi la wazazi, "tutakuwa na mpango mdogo wa kuwapa watoto shughuli". Shughuli yenyewe ni hisabati.
Wangu wa gredi ya tano aliumwa tumbo mwaka mzima wa juzi. Tulikuja kugundua ni mvulana mmoja alikuwa anamnyang'anya andazi wakati wa mapumziko. Andazi tu! Alipohamishwa mkondo, tumbo likaisha. Uliza nani anakaa naye.

#14 Msomaji wa Usiku
Mnakwepa jambo kubwa. Mtoto anaogopa kurudi kwa sababu AMESAHAU. Marekani hilo limepimwa siku nyingi. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti nyingi, wakaona alama za watoto baada ya likizo ya kiangazi zinarudi nyuma kama mwezi mmoja wa masomo, na hesabu ndiyo inaporomoka zaidi kuliko kusoma. Mtoto anajua mwenyewe kwamba jedwali la 7 limempotea. Tumbo ndilo linalosema. Kila siku ya likizo mpe saa moja ya hesabu.

#15 Hesabu Kali
@Msomaji wa Usiku umenukuu sawa ila umeishia katikati. Paul von Hippel alirudia kupima na mwaka 2019 akaandika wazi kwamba yeye mwenyewe alikuwa anaamini, sasa ana shaka. Ile mitihani ya zamani ilikuwa na kasoro ya namna ya kupima, mitihani mipya inatoa majibu yanayogongana. Pia likizo yao ni zaidi ya miezi miwili. Yetu ya Desemba ni mwezi na ushee. Saa moja ya hesabu kila siku ya likizo, hapo hujamtibu tumbo, umemwongezea.

#16 Msomaji wa Usiku
Kuwa na shaka siyo kukanusha. Mpe jedwali la 7 leo uone.

#17 Shangazi Mkorofi
Ngojeni niwaambie kitu ambacho hakuna aliyekigusa. CHOO.
Nilikaa na mtoto wa marehemu dada yangu. Tumbo kila shule zikifunguliwa, hospitali tatu, dawa za minyoo, maombi, kila kitu. Siku moja namfulia, naona kaptura haina hata tone la maji ya kunawa, na chupa yake ya maji imerudi imejaa. Kesho yake imejaa. Nikamkalisha jikoni tunachambua mchele, bila kumtazama usoni, nikamuuliza shuleni choo kikoje. Akakaa kimya mpaka nikadhani hajanisikia. Kisha akasema, "Shangazi, mlango hauna komeo. Unashika kwa mguu."
Mtoto alikuwa hanywi maji ili asikojoe, na haja kubwa anabana toka alfajiri mpaka saa 11 jioni. Siku tano kwa wiki. Likizo anakwenda anapotaka, tumbo limenyooka. Wewe unafikiri uvivu, kumbe ni mguu unaoshika mlango.
Nilichofanya: namwamsha dakika 20 kabla, anakunywa maji ya uvuguvugu, anakaa chooni bila haraka nyumbani. Na nikaenda shule na komeo langu la dukani na fundi. Mwalimu mkuu alinitazama kama chizi ila alilifunga.

#18 Bi Mkubwa Tandika
Shangazi leo umenitoa machozi asubuhi asubuhi. Nimekwenda kumuuliza wa kwangu. Kasema "choo hakina shida". Kisha kaniuliza nani kaniambia.

#19 Mwalimu Chaki
Shangazi kasema kweli. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Nendeni mkahesabu matundu kwenye shule za watoto wenu, mkimaliza mgawanye. Siku ya kikao cha wazazi mnauliza wastani wa mtihani, hakuna anayeuliza komeo.

#20 Kaptura Fupi
Sawa choo. Ila kuna walimu nao wanachapa mpaka mtoto anaota. Si serikali ilishapiga marufuku viboko kabisa?

#21 Mwalimu Chaki
Hapana mkuu, hapo rekebisha. Havijafutwa. Kanuni za 2002 zinasema visizidi 4, anayetoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na iandikwe kwenye kitabu. Tatizo ni kwamba wengi hawajawahi kukiona hicho kitabu. Na wewe si ndiye wa mpera hapo #2?

#22 Kaptura Fupi
Mpera wa nyumbani una upendo ndani yake.

#23 Nesi wa Zamu
Natoka zamu, nimesoma kurasa zote mbili. Jamani kabla ya saikolojia tuanze na mwili. MamaTunu nijibu: maumivu yanamuamsha usiku akiwa kalala? Amepungua uzito? Kuna damu kwenye choo au mkojo? Maumivu yako kitovuni au pembeni kulia chini? Na likizo alikuwa wapi?

#24 MamaTunu
Hayamuamshi. Hajapungua. Damu sijaona. Anaonyesha kitovuni. Likizo alikuwa kwa bibi yake Ukerewe, alirudi tarehe 2. Ndiyo, alikuwa anaoga ziwani kila siku, bibi kanitumia picha.

#25 Nesi wa Zamu
UKEREWE na umeyasema leo? Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu vinatoka kwenye konokono, vinaingia kwa ngozi akiwa majini, na kile cha tumbo kinaleta maumivu hivi hivi. Mpeleke apimwe choo na mkojo. Dawa yake ni praziquantel, inapimwa kwa uzito au urefu wa mtoto, usiende kununua dukani kwa kukisia. Na ile albendazole ya minyoo wanayopewa shuleni haitibu kichocho, msichanganye.

#26 Mvuvi Mstaafu Nansio
Nimekulia kwenye maji hayo nina miaka 61. Kila ubaya Ukerewe, mtatuambia na foleni ya Mbagala inatoka Ukerewe.

#27 Hesabu Kali
Nesi nakuheshimu, apimwe. Lakini kichocho gani kinajua kalenda ya wizara? Begi limeshuka, tumbo limeanza. Umeambiwa huendi, linaisha. Na Aprili alikuwa hapa hapa Dar.

#28 Nesi wa Zamu
Mtoto anaweza kuwa na kichocho NA uoga. Mwili haujazi fomu kuchagua kimoja.

#29 Boda wa Mbarara
Mimi niko Uganda, mnisamehe Kiswahili changu cha barabarani. Nyinyi mnalia mwezi mmoja. Sisi shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa zote Januari 2022. Kijana wangu aliondoka la tatu na sauti ya mtoto, siku ya kurudi suruali ilikuwa inaishia hapa kwenye goti, na alikuwa ameshazoea kuuza ndizi na mimi, ana pesa yake mfukoni. Huyo unamwandaa vipi? Hakuumwa tumbo. Aliniuliza tu, "Nikienda, biashara atabaki nayo nani?" Nilikosa jibu. Alikwenda baada ya wiki mbili kwa sababu timu ya mpira ya shule ilikosa golikipa.

#30 Bi Mkubwa Tandika
Hahaha golikipa.
Tukirudi kwenye mada, nani ameshaenda Kariakoo? Nataka kauntabuku kwaya tatu na mkebe. Na viatu. MamaTunu viatu vya Novemba mjaribishe LEO, msingoje Jumapili usiku. Mtoto wa miaka 9 mguu unakua akilala. Na ajaribu na soksi, asimame, aweke uzito wote.

#31 MamaTunu
Viatu vyake ni vya Septemba, bado vipya kabisa. Asante dada.

#32 Baba wa Bweni
Kuhusu hii mada, mimi wangu nilimpeleka bweni toka la pili nikaepuka haya yote. Januari nafunga tranka, nafika getini, nageuza gari.

#33 Shangazi Mkorofi
La pili?? Waraka wa 2023 ulizuia bweni kuanzia awali hadi la nne. Na hujaepuka tumbo mkuu. Umehamisha tu anayelisikia.

#34 Baba wa Bweni
Ilikuwa 2019 shangazi, kabla ya waraka. Ila hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara mbili.

#35 MamaTunu (Jumatatu, saa 2:40 usiku)
Mrejesho. Wakuu nimefanya nilichoweza. Kulala nimefika saa 2:30, saa 1:20 imenishinda. Chai ya maziwa nimeitoa, kala ndizi na maji saa 10:25. Siti ya mbele, dereva wetu kakubali. Orodha ya sokoni ameandika siku tatu, kaandika "vitungu", sikumrekebisha. Ijumaa tumepeleka choo na mkojo, majibu Jumatano. Choo cha shule nilimuuliza tukichambua mchele kama shangazi alivyofundisha. Akasema kizuri. Nikauliza mlango je. Akasema, "Mama, mbona huu mchele hauna mawe?"
Jana jioni tumbo liliuma, tena sana. Baba yake akakaa naye pembeni ya kitanda, hakusema la usanii safari hii. Leo alfajiri kaamka, kajipapasa tumbo kama anatafuta kitu, kisha kapanda basi.
Karudi saa 11 anachechemea. Viatu vimembana, vidole viwili vimechubuka.

#36 Bi Mkubwa Tandika
NILISEMA MIMI.

#37 Hesabu Kali
Kwa hiyo ni usingizi, chai au siti? Umebadilisha vyote siku moja, hatutajua kamwe.

#38 Nesi wa Zamu
Jumatano tupe majibu.

#39 Suka wa Njano
Kesho mtoto apande na ndala, viatu avivalie shuleni. Wangu wanafanya hivyo, siulizi.

#40 Shangazi Mkorofi
MamaTunu, aliyebadilisha mada ya choo akaenda kwenye mawe ya mchele, huyo rudi naye jikoni.